Siku Moja Maishani Mwangu: Bei ya Picha za Nyumba Isiyojengwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri naitazama kompyuta kabla hata ya kunawa uso. Kazi yangu ni kutengeneza picha za 3D za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Picha ya sebule niliyoiacha usiku ikirenda, yaani kompyuta ikikokotoa mwanga na rangi hadi picha ikamilike, imekwama katikati, kwa sababu umeme ulikatika na betri ya akiba haikufika mbali. Naianzisha upya na kuandika daftarini: saa nne zimepotea. Hakuna mteja atakayeziona kwenye ankara, lakini zimo ndani ya bei yangu.

Saa mbili asubuhi nafungua ramani za nyumba ya ghorofa moja itakayojengwa Kigamboni. Mkandarasi anataka picha nne za 3D, tatu za nje na moja ya jikoni, na tangu jana ananiuliza "picha moja shilingi ngapi". Sitaji bei kabla ya kuhesabu saa. Kuinua kuta, ngazi na paa kutachukua saa 14, maana paa lina mikunjo mingi na michoro ya pande haikubaliani na ramani ya sakafu. Rangi, vigae na mwanga saa 8. Miti na samani saa 4. Marekebisho ya awamu mbili saa 4. Jumla ni saa 30.

Thamani ya saa moja niliipata kwa hesabu za muuza duka. Kompyuta niliyoinunua kwa shilingi 7,200,000 natarajia idumu miezi 36, hivyo inakula 200,000 kila mwezi. Umeme, intaneti na leseni za programu ni 400,000. Nami, pamoja na pango na akiba, nahitaji 1,800,000. Jumla hiyo ya 2,400,000 wenzangu wengi huigawa kwa saa 160 za mwezi, kisha wakashangaa kwa nini mwezi hauishi. Mimi huigawa kwa 80, kwa kuwa nusu ya muda wangu huishia kwenye simu, profoma (ankara za makadirio kabla ya kazi) na kudai madeni. Napata 30,000 kwa saa, na profoma ya Kigamboni inasomeka 900,000.

Saa tano mkandarasi anapiga simu. Namwamkia, anaitikia, kisha anauliza, "Mwanangu, hii ni bei ya picha au ya msingi?" Anadai yupo kijana anayechukua 80,000 kwa picha, na kwamba nikimpunguzia ataniletea kazi nyingi, ahadi ambayo kwa uzoefu wangu haijawahi kulipa hata umeme wa luku. Bei ya saa siigusi. Ninachopunguza ni kazi. "Mzee, tukiliacha jiko, saa sita zinaondoka, tunabaki na 720,000." Anaguna, anakubali, na tunaafikiana kianzio cha nusu.

Saa nane mchana mwenye nyumba mmoja wa Bunju anaomba "kitu kidogo tu": jua liangaze mbele ya nyumba. Nyumba yake inatazama kusini, na tarehe tuliyoiweka ni ya Juni, wakati jua la Dar es Salaam hupita upande wa kaskazini. Uso wa nyumba uko kivulini kama utakavyokuwa kila Juni atakapohamia. Naweza kuisogeza tarehe hadi Desemba, jua linapohamia kusini, bila kumdanganya mtu. Lakini vivuli vyote vitabadilika, vioo vitaakisi vingine, na picha tatu za nje zitarendwa upya, kila moja kwa dakika 50. Hii ni awamu ya tatu ya marekebisho, na mkataba unataja mbili. Namwandikia: saa 3, shilingi 90,000. Ananyamaza karibu saa nzima, kisha anachagua picha moja tu, ile ya getini.

Saa kumi na mbili jioni kianzio cha Kigamboni kinaingia: 342,000. Kampuni ya mkandarasi imekata kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata na kuipeleka serikalini, ya asilimia 5, yaani 18,000, nami naomba hati yake papo hapo, kwa sababu baadaye huwa vigumu kuipata. Kisha daftari: saa tisa nimekaa kitini, nne za kulipiwa.