Swali la kijana mrefu

Leo siku ya tano na lile swali bado halijanitoka. Nimefua, nimepanga daftari za msimu uliopita, nimejibu jumbe zote zilizokuwa zinanisubiri, na kila nikikaa linarudi palepale.

Yule senta, mchezaji mrefu wa kukaa chini ya ringi, ambaye timu yetu ya kikapu ilikuwa inamsubiri, amefika. Ana miaka 19, kikapu ameanza akiwa na 16, na nilipomsimamisha ukutani bila viatu ilibidi nipande benchi ndipo niweke alama ya penseli. Sentimita 218. Akinyoosha mkono juu bila kunyanyua kisigino anafika 290, na ringi, kama mnavyojua, iko sentimita 305. Kilichobaki hapo kati ni kama urefu wa kalamu. Nikamweka kwenye mizani: kilo 96.

Nikamwandikia karatasi yake ya tathmini kama ninavyowaandikia wachezaji wote ninaowapima. Juu, uwezo: kimo, upana wa mikono, kufika juu, kuzuia mitupo. Chini, upungufu: mwili mwembamba, kitovu cha uzito kiko juu, anasukumika, nguvu hafifu. Pembeni ya neno "hafifu" nikaweka ushahidi: amelala benchi, chuma cha kilo 60, mara nne, ya tano ikamshinda.

Jumatatu baada ya mazoezi nikampa asome. Tangu yaliyompata yule gadi wetu (mchezaji wa kucheza mbali na ringi) mwaka jana niliapa kwamba hakuna mchezaji atakayesikia habari zake kwa mdomo wa mtu mwingine. Akaisoma amesimama. Halafu akakaa sakafuni, akanyoosha miguu ile mpaka ikafika mstari wa mitupo huru, akaisoma tena akifuatisha kwa kidole. Nilikuwa nakusanya mipira. Nikamsikia:

"Mwalimu, samahani. Hapa juu umenisifia nilivyozaliwa. Hapa chini umenikosoa nilivyozaliwa. Mimi mwenyewe niko wapi?"

Nikasema, "Tutaona."

"Sawa, mwalimu." Akainuka, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, akaenda kuvua viatu.

Basi. Ni hivyo tu. Jumatano dada alijifungua salama mtoto wa kike, Alhamisi tukafungwa mechi ya kirafiki kwa pointi 21, na mkataba wangu hatimaye umesainiwa, lakini usiku nikizima taa sisikii lolote kati ya hayo. Nasikia "tutaona" kwa sauti yangu. Angekuwa amekasirika ningelala vizuri, maana hasira ya kijana ninaijua na inapita. Hakukasirika. Aliuliza kama mtu aliyepewa ramani na kuambiwa ajitafute, na kweli hakuwepo.

Maana kweli hakuwepo. Nimeirudia karatasi ile labda mara kumi. Kimo hakukitafuta. Mikono hakuitafuta. Hata "kuzuia mitupo" nilikoandika kama sifa ya kazi yake, nilikuwa namaanisha mikono ileile. Na ule wembamba wa mwili nao ni vilevile: umri wa miaka 19, mifupa iliyokimbia mbele, nyama bado zinaifuata.

Kipimo cha chuma ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu nilijua. Mwenye mikono mirefu anakisafirisha chuma kilekile mbali zaidi kuliko mwenye mikono mifupi. Kila mara moja yake ni safari ndefu. Mwaka 2007 Kevin Durant, kwenye vipimo vya kabla ya kuchaguliwa na timu, hakuweza kuinua chuma cha kilo 84 hata mara moja. Msimu uliofuata akawa mchezaji bora chipukizi wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Mfano huo nimeutumia mwenyewe kuwatuliza vijana wengine. Huyu sikumtuliza. Nilimwandikia "hafifu" nikaweka nukta.

Na kila kijana mrefu ameshaonyeshwa ile video ya Februari 2009, hata huyu ameniambia aliiona kabla hajajua kudunda mpira. Mtanzania Hasheem Thabeet, sentimita 221, yuko timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani. Upande wa pili DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, sentimita 201. Wanagombea ribaundi, yaani mpira uliokosa ringi, mikono inanasana, na Blair anamvurumisha Thabeet juu ya bega mpaka sakafuni. Siku ile Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Watu huikata video hapo wakasema: mnaona, urefu bila nguvu ni kazi bure. Hawaendelei mbele kusema kwamba msimu huohuo Thabeet alitajwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo vyao, kwa mwaka wa pili mfululizo, na kwamba tuzo ya mchezaji bora wa ligi waligawana wawili, yeye na huyohuyo Blair. Ilipofika Juni, timu za NBA zikichagua wachezaji wapya kwa zamu, Memphis wakamchukua Thabeet akiwa wa pili. Blair akangoja mpaka namba 37.

Ninachokiona mimi kwenye video ile si misuli. Ni viuno. Cha Blair kiko chini ya cha Thabeet, na wakisukumana wawili, aliye chini ana sakafu nyuma yake, aliye juu ana hewa. Ningependa kujua Thabeet alipoingia Memphis mpimaji wake aliandika nini juu ya karatasi. Thabeet naye alianza kikapu akiwa na miaka kama 15 hivi. Ndani ya miaka michache akawa mtu ambaye timu nzima za vyuo zilibadili njia ya kwenda ringini kwa sababu yake. Hicho hakuzaliwa nacho. Kuna saa nyingi sana ndani ya kitu kama hicho, na mtu anayetazama kimo tu hazioni.

Vilevile Manute Bol, senta wa zamani wa NBA kutoka Sudan. Mita 2.31, uzito wa kilo 90 hivi, mwembamba kuliko kijana wetu ukilinganisha na urefu. Msimu wake wa kwanza Washington, 1985–86, alizuia mitupo 397, na hakuna mchezaji wa mwaka wa kwanza aliyeifikia mpaka leo. Victor Wembanyama mwenyewe, yule Mfaransa mrefu wa siku hizi, msimu wake wa kwanza alizuia 254. Kama kuzuia kungekuwa mikono tu, kila mwenye mikono mirefu angezuia. Kuzuia ni kungoja. Ni kumwacha mtupaji aamini kwamba ameshapita, huku wewe umeshahesabu hatua zake.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye mawazo, Alhamisi usiku baada ya ile mechi, nikafungua video ya mazoezi ya Jumanne. Niseme ukweli, niliifungua ili nitafute makosa ya ulinzi wetu. Kuna sehemu ya dakika sita ambapo kocha mkuu alimkabidhi kijana kwa mkongwe wetu. Mkongwe ana kilo 118 na mnajua anavyoipenda kazi hiyo. Anapokea mpira mgongo ukiwa kwenye ringi, anasukuma kwa nyonga, anageuka, anaweka.

Mara ya kwanza kijana alisimama wima na akaondoka kama pazia. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu akajaribu kusukuma kwa mikono, akapigiwa fauli. Nilikuwepo ukumbini Jumanne, niliyaona hayo matatu, nikageuka kwenda kuwapima magadi. Kumbe niligeuka mapema.

Mara ya nne, kabla mpira haujafika, aliuingiza mguu wa kushoto katikati ya miguu ya mkongwe. Nimerudisha nyuma video mara nyingi nisiweze kuhesabu. Unyayo unaingia taratibu, bapa, kisigino kikikanyaga kwanza. Goti linakunjika, kiuno kinashuka, na mkono wa mbele unalala kwenye mgongo wa mkongwe bila kusukuma. Mkongwe akaja na nyonga yake kama kawaida, akakuta mahali pale pana mtu. Akasukuma tena. Kijana hakusogea. Mkongwe akageuka upande wa pili, upande ambao kijana alikuwa amemwachia makusudi, na ule mkono mrefu ukawa unamsubiri huko. Mpira ulienda kwa gadi wetu, na kijana alikuwa ameshaanza kukimbia.

Mara ya tano akarudia. Ya sita ikamshinda, mguu ulichelewa. Ya saba akaupata tena. Hakuna aliyemwambia. Nimesikiliza sauti yote ya video, kocha mkuu yuko upande wa pili anapigia kelele mtu mwingine. Alisukumwa mara tatu, akafikiri, akapata jibu kwa mguu. Kilo zake zilikuwa zilezile 96.

Sijui niwaelezeje furaha niliyoipata saa saba usiku. Nilisimama peke yangu sebuleni nikasema kwa sauti, "Uko hapo!"

Nikachukua karatasi nyingine, safari hii bila juu na chini. Nikaandika alichokifanya: kwamba anatafuta mahali kabla ya mpira, kwamba anakumbuka alikosukumwa, kwamba akiwa nyuma ya ulinzi anawataja wenzake kwa majina na kuwaonyesha anayekatiza. Nikaandika pia asichokifanya, na hapo sikumbembeleza. Akichoka anashusha mpira mpaka kiunoni, na mpira wa mtu wa sentimita 218 ukifika kiunoni ndipo ulipo usawa wa mikono ya kila gadi. Kwenye zoezi la Mikan, lile la kuweka mpira ringini kulia na kushoto bila kupumzika, mara kumi za kwanza mpira haushuki chini ya kidevu, baada ya hapo unaanza kuteremka. Hilo linarekebishika. George Mikan mwenyewe, senta wa zamani wa Marekani, alifika Chuo Kikuu cha DePaul akiwa mzito wa miguu, na kocha wake Ray Meyer akamrukisha kamba, akamfundisha ngumi, akampeleka mpaka kwenye dansi. Mpaka leo masenta wa dunia nzima wanafanya zoezi lenye jina la mtu ambaye watu walidhani ni mrefu tu.

Kuhusu nguvu nikafuta "hafifu". Nikaandika: "Nguvu za miguu na kiuno zinakuja, tuanze huko, chuma cha kifuani kisubiri. Anajua kukaa mahali." Kocha mkuu akisoma atasema sijampa tarakimu. Nitamwonyesha video.

Jana nikampa. Akaisoma amesimama, safari hii hakukaa. Alipofika katikati akanyamaza muda mrefu, kidole kikiwa mstari mmoja. Akauliza, "Huu mguu uliuona?"

Nikamwambia niliuona kwenye video, na kwamba siku yenyewe nilikuwa nimegeuka. Nilitaka alijue hilo. Nikamwambia na lile jibu la Jumatatu halikuwa jibu. Akatikisa kichwa, akaikunja karatasi mara nne, akaiingiza ndani ya soksi. Halafu akachukua mpira akaenda kwenye ringi ya mbali, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nilihesabu nikiwa mlangoni. Mpaka ya kumi na sita mpira ulikuwa juu ya kidevu.

Nilipotoka nikampigia Mama kumpongeza kwa mjukuu. Alikuwa na furaha, sauti imechangamka, akanieleza mtoto alivyo na nywele nyingi. Akaniuliza, "Hivi wamemwita nani?" Nikamtajia. Akasema ni jina zuri. Tukaongea mengine, habari za mkataba, habari za goti lake, na tulipokuwa tunaagana akaniuliza tena, kwa sauti ileile, "Hivi wamemwita nani?"

Jina hilo yeye ndiye aliyelichagua. Alimtajia dada tangu mwezi uliopita, nikiwa nimekaa pembeni yao.