Kamera isiyo na lenzi: mtandao neva waingia mtihani wa kawa

Wanaofuatilia mradi huu wanajua nilipofikia: kamera ndogo ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) niliyoing'oa lenzi, na juu ya kihisi chake, yaani sehemu inayopokea mwanga, nimebandika kipande cha selotepu ya pande mbili. Lenzi ingekusanya mwanga. Selotepu inautawanya, na kihisi kinanasa vurugu tupu. Picha inatolewa baadaye kwa hesabu. Wazo si langu. Ni la watafiti wa Berkeley, Marekani, walioiita kamera yao DiffuserCam na kueleza hadharani namna ya kuijenga nyumbani. Yangu nimeijengea Kikwajuni, Zanzibar, katika chumba ambacho dirisha lake nimeliziba kwa maboksi.

Kwa aliyeingia leo: ukiweka nukta moja ya mwanga mbele ya kamera hii (taa ndogo ya LED nyuma ya foili iliyotobolewa kwa sindano), kihisi hakioni nukta. Kinaona utando wa mistari myeupe, kama ule wa jua unaocheza mchangani maji yakiwa ya magotini. Kitu chochote ni nukta nyingi. Kila nukta inatupa utando wake, umesogea kidogo kulingana na mahali ilipo, na tando zote zinajumlishwa. Kutoka kwenye kitu kwenda kwenye vurugu ni konvolusheni tu (ndiyo hiyo hesabu ya kujumlisha tando zilizosogezwa), na kwa njia ya Fourier, inayoivunja picha kuwa mawimbi na kugeuza konvolusheni kuwa kuzidisha, hata kompyuta yangu ya mtumba inaimaliza upesi. Shughuli iko kwenye kurudi.

Ukijaribu kurudi kwa kugawanya moja kwa moja, chenga (makosa madogomadogo ya kihisi) zinavimba mpaka zinaimeza picha. Mwanahisabati Mfaransa Jacques Hadamard aliliwekea tatizo lililokaa vizuri masharti matatu: jibu liwepo, liwe moja tu, na vipimo vikitikisika kidogo jibu nalo litikisike kidogo. Langu linaanguka kwenye la tatu, na la pili nalo sina uhakika nalo. Dawa ninayotumia ni ya Rudin, Osher na Fatemi, ya mwaka 1992: kila jibu linalopendekezwa linatozwa adhabu kwa jumla ya tofauti kati ya pikseli jirani. Chenga zinatozwa nyingi, kingo halisi za kitu zinapona. Adhabu hiyo naiendesha ndani ya algorithimu ya ADMM, inayolikaribia jibu hatua kwa hatua: hatua 100 kwa picha.

Neno moja kuhusu kaskazi. Joto linalegeza gundi ya selotepu, utando wa nukta unabadilika, na kipimo cha jana hakifai leo. Sasa napiga nukta upya kabla ya kila kikao. Feni pia inazimwa, maana meza inatetemeka. Jasho ndiyo gharama.

Mwezi wa Ramadhani niliutumia kwa mtandao neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano. Mwaka 2019 mtafiti Monakhova na wenzake walichukua ADMM hiyohiyo, wakaikata ibaki hatua 5, kila hatua wakaifanya tabaka la mtandao. Namba tunazobahatisha kwa mkono zikajifunza zenyewe kutokana na jozi 25,000 za vurugu na picha zake halisi, na mwishoni wakaweka mtandao mwingine wa kusafisha. Walipata kasi ya takriban mara 20. Mimi nimetengeneza toleo dogo: baada ya tarawehe nazima taa, kioo cha kompyuta kinaonesha picha za intaneti moja baada ya moja, kamera inazinasa mpaka wakati wa daku.

Mtihani nilitaka uwe wa kitu cha humu ndani, nikachukua kawa la jikoni, kile kifuniko cha chakula cha kusukwa, la miyaa iliyotiwa rangi nyekundu na kijani.

“Mwanangu, na futari nifunike nini?”

“Dakika chache tu, mama. Nalipiga picha.”

“Kwa hicho kidude kisicho jicho?”

Matokeo nilimwonesha yote mawili. ADMM imetoa kawa lililopauka, kingo zinameremeta, lakini katikati ule msuko wa mshazari wa ukili (utepe wa miyaa iliyosukwa) unaonekana. Mtandao umetoa picha safi, rangi zimekolea, na mama hakusita kuichagua. Tatizo ni kwamba msuko haupo. Mahali pake pana mistari iliyonyooka, laini, mithili ya kitambaa. Mtandao haujapata kuona ukili, kwa hiyo umejaza unachokijua.

Hapa ndipo nilipokaa zaidi. Picha yoyote iliyotolewa unaweza kuipitisha tena mbele, kwenye konvolusheni ileile, kisha ukaitoa kwenye ile vurugu iliyonaswa kweli. Kinachobaki kwa ADMM ni vumbi la chenga lisilo na umbo. Kinachobaki kwa mtandao, ukikirudisha upande wa picha, kina mishazari. Maana yake kihisi kiliuona msuko, mtandao ukautupa.

Lakini kipimo hiki nacho kina upofu. Zipo ruwaza ambazo selotepu inazifuta karibu zote kabla hazijafika kwenye kihisi, na mtandao ukichora chochote huko, mabaki hayatasema kitu. Picha mbili tofauti zinaweza kuzaa vurugu ileile. Kwenye kawa ni mzaha. Kwenye MRI, mashine ya hospitali ya kupiga picha ndani ya mwili, ambako mitandao ya namna hii inatumika pia, doa lililobuniwa si mzaha.

Nilichofanya kwa sasa: picha ya mtandao naichukua kama mahali pa kuanzia, kisha naiongezea hatua chache za kuivuta irudi kwenye vipimo. Msuko umerudi pamoja na chenga kidogo, rangi zimebaki. Hatua zikizidi, chenga zinatawala tena, kwa hiyo nasimama mabaki yanapofikia kiwango cha chenga za kihisi chenyewe. Na kila picha nitakayoiweka hapa itakuwa na mabaki yake ubavuni. Isiyo nayo msiihesabu.

Kinachofuata ni kuongeza mikeka, vipepeo na pakacha kwenye picha za mafunzo. Kawa la mama litabaki nje, la mtihani tu.