Kitulo nendeni na mvua, msisubiri kiangazi

Kila niliyemuuliza kuhusu Kitulo, ile hifadhi ya maua kule Nyanda za Juu Kusini, alinijibu lilelile, subiri Juni barabara ikauke. Jamani! Juni kule ni nyasi za kahawia na baridi mpaka umande unaganda. Maua yaliyofanya wenyeji wapaite Bustani ya Mungu yanatoka na mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, sasa unamshauri mtu aende bustanini wakati hakuna ua?

Mimi na mdogo wangu tukaenda Februari. Mbeya mpaka Chimala ni lami, hapo hakuna stori. Stori ni ile barabara ya kupanda Matamba, kona 57. Tulipanda na Noah, tukafika kona za juu udongo umelowa, gari linarudi nyuma huku dereva kakanyaga mafuta. Tukashuka tukasukuma, tukatia mawe nyuma ya tairi, tukakata matawi tukatandika, likasogea kidogo likazama tena, mama mmoja abiria akajikaza kitenge kiunoni akawa anatuhesabia "moja, mbili, haya!" na sisi matope mpaka kwenye nyusi. Wapi! Dereva akazima gari, akasema anasubiri jua. Tukaokolewa na boda waliofunga mnyororo tairi la nyuma, wale hawatelezi kabisa. Hela yao ilikuwa karibu mara tatu ya nauli ya Noah, nikalipa bila kubisha.

Usiku tukalala gesti Matamba, na mama mwenye gesti ndiye alinipa ujanja wa safari nzima. Alitazama miguu yangu akasema, "Mwanangu, hizo raba hazifiki." Akaniazima gambuti za kijana wake, akakata vipande vya tyubu ya baiskeli akanifunga juu ya kifundo cha mguu ili kisigino kisicheze ndani. Soksi pea mbili. Sikupata lengelenge hata moja, na nyasi za kule zimelowa mpaka magotini. Nguo na chakula nilitia kwenye kiroba ndani ya begi, mvua haikugusa kitu.

Alfajiri tukaanza kupanda na askari wa hifadhi. Pumzi inakata maana uwanda wenyewe uko kama mita 2,600, nendeni taratibu. Tulipovuka mgongo wa mlima ndo nikaelewa, bonde zima ni maua, ya zambarau, ya njano, yale marefu mekundu yanayosimama kama mwenge. Okidi peke yake ziko aina 45! Askari akachuchumaa kwenye okidi moja ya rangi ya waridi akatueleza kuwa chini ina viazi viwili, cha mwaka huu kinachosinyaa na kipya cha mwakani. Wachimbaji wa chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, wanang'oa vyote, vinapelekwa mpaka Zambia vinatwangwa na karanga, na mmea ndo umekwisha hapo. Kuzuia hilo ni sababu mojawapo ya Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mdogo wangu anayependa sana chikanda alinyamaza muda mrefu.

Saa saba tukageuza, maana mawingu yalishaanza kujaa, na kweli saa nane ikashuka mvua ya maana. Kiingilio kwa sisi Watanzania ni hela ndogo, boda ndo walinila. Na mwakani narudi Februari hiyohiyo, wa Juni waende wenyewe.