Mkataba upo, lakini kosa liko kwenye sheria gani?

Ukisimama ufukweni Mama Ngina, Mombasa, ukatazama meli zinazosubiri kuingia bandari ya Kilindini, mpaka wa bahari ya Kenya uko mbali kuliko jicho linavyofika: maili 12 za baharini, yaani kilomita 22 hivi. Haki ya samaki na madini huendelea hadi maili 200, ila mamlaka ya kushtaki kosa la jinai ni jambo jingine kabisa.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 2(5) na 2(6), inasema kanuni za jumla za sheria ya kimataifa na mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Wengi huishia hapo, wakidhani mkataba unatosha kumshtaki mtu. Kutia saini si kuridhia: kwa sheria ya mikataba ya 2012, mkataba hupita Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Taifa, ndipo hati ya kuridhia itolewe. Tena mikataba mingi haimhukumu mtu. Huiagiza serikali itunge sheria. Kwenye jinai, hakimu atauliza: kifungu gani cha sheria yetu kinalitaja kosa, na mahakama hii imepata wapi mamlaka?

Swali hilo liliwahi kutikisa kesi za uharamia wa baharini hapa Mombasa. Mwaka 2009 washukiwa tisa Wasomali walishtakiwa kwa kifungu cha 69 cha Kanuni ya Adhabu, sheria kuu ya makosa ya jinai nchini. Mwaka huohuo kifungu kikafutwa, sheria mpya ya usafiri wa meli ikachukua nafasi yake. Novemba 2010 Mahakama Kuu ikasema mahakama za Kenya hazina mamlaka: kifungu cha 5 cha Kanuni hiyo kiliishia kwenye maji ya Kenya, na tukio lilikuwa nje ya maji hayo. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi, kwa kuwa haramia anaweza kushtakiwa na taifa lolote. Naona rufaa ilikuwa sahihi, lakini uandishi bora wa sheria ungeokoa miaka hiyo miwili.

Kifungu cha 69 kilikuwa na kasoro nyingine: kilitaja uharamia bila kuueleza. Maana yake ilibidi itafutwe nje, na Mkataba wa Bahari wa Umoja wa Mataifa wa 1982, ambao Kenya iliridhia 1989, unaieleza katika kifungu cha 101: ukatili kwa maslahi binafsi, kwenye bahari kuu (nje ya maji ya nchi yoyote), kutoka chombo kimoja dhidi ya kingine. Vyombo viwili! Abiria akiiteka meli aliyopanda mwenyewe, huo si uharamia kwa mkataba huo, na mwendesha mashtaka akiliita tendo hilo uharamia kwenye hati ya mashtaka, wakili wa utetezi ataanzia hapo.