Nilivyochagua kamera ya video ya bei nafuu kumrekodi nyanya, Malindi hadi Lamu

Nyanya yangu alizaliwa Lamu akaolewa Malindi, na barabara ya kati ya miji hiyo anaijua tangu enzi za kuvuka Mto Tana kwa pantoni pale Garsen. Kila tukipita naye hutaja nani aliishi wapi, gari lilikwama wapi, mvua ya masika iliwalaza wapi. Nilipopangiwa kumpeleka kwao kwa Maulidi, niliazimia maneno yale yasipotee tena. Nilikuwa na shilingi 35,000, maiki na memori kadi zikiwa humo humo.

Niliulizwa sana kwa nini nisitumie simu. Simu yangu ina picha nzuri, ila nikiiweka kwenye dashibodi ya Probox jua la saa saba likapenya kioo, hupata moto na kuacha kurekodi yenyewe. Kamera za picha nazo, nyingi za miaka ya nyuma hukata video sekunde moja kabla ya nusu saa, kwa sababu Ulaya ilitoza ushuru mkubwa zaidi kamera inayorekodi video dakika 30 au zaidi, na watengenezaji wakaukwepa kwa kuifunga hapo. Nyanya akianza kisa cha Witu, nusu saa ni utangulizi tu. Kamkoda, yaani kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya video hasa, huendelea mpaka kadi ijae au betri iishe, nami ndicho nilichotaka.

Nikashuka Mombasa. Kitu cha kwanza nilichoonyeshwa ni kamera zisizo na jina, maboksi yake yameandikwa 4K na megapikseli 48, kwa bei ya chini mno. Zumu yake ni ya kidijitali: lenzi haisogei, picha hukatwa katikati ikakuzwa, na unachopata ni ukungu mkubwa zaidi. Sikuzitaka. Nikapewa pia kamera ya kanda za MiniDV, imetunzwa vizuri sana, bei ya kutupa. Lakini kanda ni shida kupata, na kuhamisha video kunataka kompyuta yenye tundu la FireWire, ambalo laptopu za siku hizi hazina.

Zikabaki mbili, zote zimetumika: Sony HDR-CX405 na Canon LEGRIA HF R806. Zote zinarekodi Full HD, na zumu ya lenzi ni mara 30 kwa Sony, mara 32 kwa Canon. Kwa gari, Sony ina faida mbili kubwa. Lenzi yake huanzia upana wa milimita 26.8 (namba ikiwa ndogo, lenzi huona upana zaidi), kwa hiyo ukiwa ndani ya gari unapata dereva, abiria na barabara kwa pamoja. Canon inaanzia karibu 38, lazima urudi nyuma, na ndani ya Probox urudi wapi? Pia Sony huchajiwa kwa waya wa USB uliofichwa kwenye mkanda wa mkononi, na Canon inataka chaja yake ya ukutani.

Nikachukua Canon. Ina tundu la maiki, na Sony haina.

Niliamua hapo hapo dukani. Nilikuwa nimebeba memori kadi yangu na visikilizio, nikamwomba muuzaji asimame mlangoni azungumze huku bodaboda zikipita, nikamrekodi kwa kamera zote mbili. Kwa maiki za ndani, bodaboda zilimmeza. Nilipochomeka maiki ya kubana kwenye nguo katika ile Canon, nikamsikia hadi anavyovuta pumzi. Picha ikiwa na chenga nyanya bado atatambulika. Sauti ikifunikwa na mngurumo wa injini, hakuna kilichohifadhiwa.

Ukinunua maiki, itazame ncha ya waya. Maiki za simu zina pete nyeusi tatu pale kwenye chuma, za kamera zina mbili, na ukizichanganya bila adapta huenda usipate sauti kabisa. Mimi nilichukua Boya BY-M1, inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya simu. Ina swichi ya kuchagua simu au kamera, betri yake ndogo, na waya wa mita 6.

Namba ya modeli pia niliisoma kwa makini. HF R800 na HF R806 ni ndugu, lakini R800 ni ya soko la Marekani na hurekodi fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, R806 hurekodi 50. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukirekodi kwa 60 chini ya taa za tyubu za ukumbini, video inaweza kumetameta mpaka macho yaume. Kwa Maulidi ya usiku hilo lilikuwa muhimu.

Kadi ya GB 64 niliijaza mafaili mpaka pomoni kwa programu ya H2testw, kwa kuwa za bandia hudai nafasi zisizokuwa nayo. Kwa kiwango cha juu cha Canon hii saa moja hula karibu GB 16, hivyo kadi ilinitosha saa nne. Nikaongeza betri ya BP-727 na chaja ya betri hizo inayotumia USB, ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, na upungufu ule wa chaja ukaisha.

Safarini nyanya alikaa mbele, mimi nyuma ya dereva, nikimpata usoni kwa upande. Maiki niliibana nje ya ushungi wake, chini ya kidevu, maana ikikaa ndani ya nguo husugua kila gari likiruka tuta. Madirisha tulifungua ya nyuma tu, upepo usimpige kifuani. Kamera niliishika mkononi, bila kuegemeza viwiko popote, kwa sababu mwili humeza mtikisiko ambao kioo na mlango huupitisha wote. Nilipotaka barabara yenyewe, mashamba ya chumvi ya Gongoni na mibuyu, nilizima fokasi ya otomatiki nikaiweka mbali kabisa, la sivyo hung'ang'ania vumbi la kwenye kioo. Kila kizuizi cha polisi nilifunga skrini mapema na kuiweka kamera mapajani.

"Mjukuu wangu, hicho chanisikia?" aliniuliza tulipovuka daraja la Sabaki. Nilimwambia chamsikia vizuri. Hakuuliza tena, na hakunyamaza mpaka Minjila, jirani na Garsen.

Mokowe, kabla ya kupanda boti, kamera iliingia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu. Lamu ilinionyesha udhaifu wake: sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, na vichochoro vikishaingia giza la magharibi picha hujaa chenga. Nilirekodi huko asubuhi na alasiri, nikiomba ruhusa kwanza, na akina mama waliokataa sikuwarekodi.

Kama safari yako ni ya mandhari tu na hakuna wa kuzungumza, chukua ile Sony, na pesa ya maiki uongezee kadi ya pili.