Siku 25 zilizopotelea pangoni

Leo bado namuwaza Michel Siffre. Mwaka 1962 Mfaransa huyu alishuka katika pango la Scarasson, milimani Alpi, akakaa humo miezi miwili bila saa wala mwanga wa jua. Kila alipowapigia simu wenzake waliokuwa juu, alihesabu 1 hadi 120, namba moja kwa sekunde. Wao walikuwa na saa, na dakika mbili zake zikafika tano. Alipotoka tarehe 14 Septemba, kwa hesabu yake ilikuwa 20 Agosti.

Ukilinganisha na siku hizo, safari ya wakati kwa kipimo cha fizikia, yaani saa moja kuitangulia au kuachwa na nyingine, ni ndogo mno. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walizungusha saa nne za atomi, zilizo sahihi mno, duniani kwa ndege za abiria. Walipoelekea mashariki, saa zilichelewa nanosekunde 59 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Magharibi, zilitangulia 273. Dunia yenyewe huzunguka kuelekea mashariki, hivyo ndege iendayo huko huongeza mwendo juu ya mwendo, na mwendo huchelewesha saa. Kule juu nako mvutano wa Dunia hupungua, jambo linaloharakisha saa. Mwanaanga Mrusi Gennady Padalka, aliyeishi angani karibu siku 879, ametuzidi kwa takriban sekunde 0.02 tu kuelekea kesho. Siffre aliachwa nyuma siku 25 bila kusogea!

Hatuna kiungo cha muda kama tulivyo na sikio la sauti. Muda unapopita tunaupima kwa umakini, ndiyo maana anayesubiri huona dakika haziishi. Ukishapita tunaupima kwa kumbukumbu: wiki yenye mambo mapya hukumbukwa kuwa ndefu, na siku zinazofanana hujikunja zikawa kama moja. Gizani Siffre hakuwa na cha kutenganisha jana na juzi. Nadhani watu wengi wanaolalamika kuwa mwaka umekimbia wanalalamikia hilohilo.

Jicho nalo hutudanganya. Tazama pembeni, kisha hamisha macho ghafla kwenye saa ya ukutani ambayo mshale wake wa sekunde huruka badala ya kuteleza. Sekunde ya kwanza huonekana ndefu kuliko zinazofuata, kwa sababu macho yakihama ubongo huizuia picha iliyovurugika, kisha huliziba pengo kwa kile ulichokiona macho yalipotua. Usipoliona hilo mara ya kwanza, rudia. Huenda macho yalitua mshale ukikaribia kuruka.

Kipimo cha Siffre chafaa nyumbani pia. Mwenzako ashike saa, wewe fumba macho uhesabu hadi 120. Usigonge mguu wala kufuata mapigo ya moyo, la sivyo utakuwa unapima mwili. Na usijipime ukiwa na homa: joto la mwili likipanda, hesabu hukimbia. Mwanasayansi Mmarekani Hudson Hoagland aliligundua hilo miaka ya 1930, kwa mkewe aliyekuwa kitandani anaumwa.