Kanzu ya Presha: Nilivyojifunza Kujipima Nyumbani

Nilinunua mashine ya kupimia presha hapa Chake Chake, kwa bei ambayo mke wangu hadi leo nimemtajia nusu yake, baada ya daktari kuniagiza nijipime nyumbani kabla hajaamua kama anibadilishie dawa. Wiki nzima mashine ile ilinionesha 165 kwa 98, mara 170 kwa 100, nami nikaanza kuwausia watoto.

Barazani kila mtu aligeuka tabibu. Mmoja alisema mashine za betri ni za kuchezea watoto, mwengine akanishauri nitafune thomu kwanza ndipo nipime, na mzee mmoja ambaye hajapata kupimwa presha maishani mwake akaapa kwamba mkono wa kulia husema uongo.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikirudi barazani na vikombe vitatu vya kahawa tumboni, nakaa mkekani, naupandisha mkono wa kanzu hadi unanibana kama kamba, nafunga mkanda wa mashine juu ya kiwiko, kisha mashine ikivuma namjibu mke wangu kuhusu bei ya pweza. Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi Unguja, alipokuja likizo aliniangalia mara moja tu akasema, "Mjomba, nyamaza kwanza, na kama una haja ndogo nenda." Kahawa akaipiga marufuku nusu saa kabla ya kipimo. Hesabu ikashuka hadi 152 kwa 91, lakini hakuridhika.

Akausoma mkanda: sentimita 22 hadi 32. Nyumbani hatukuwa na futi ya kupimia, basi nikaenda kwa fundi cherehani jirani yetu, nikamkunjulia mkono na kumwomba anipime unene wake katikati ya bega na kiwiko. Akauliza kama ni kanzu ya Idi. Nikamjibu kuwa ni ya presha, na wateja wake wakacheka hadi mmoja akaangusha mkasi. Ilikuwa sentimita 35! Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huipandisha hesabu, na mimi nilikuwa nikijisifia mkono huu wa mpiga kasia tangu ujana. Mkanda wa 32 hadi 42 ulikuja kwa boti kutoka Unguja, wa kampuni ileile iliyotengeneza mashine, maana si kila mkanda hukubaliana na kila mashine. Ulinigharimu kama kuku wawili wa kienyeji.

Sasa, nikishasali Alfajiri, kabla ya chai na dawa, nakaa kwenye kiti chenye mgongo nikiwa na singlendi tu, mkono juu ya meza na mto chini yake ili mkanda uwe usawa wa moyo, na zile dakika tano za kutulia nazipitisha kwa nyiradi za kimoyomoyo. Napima mara mbili, dakika moja baina yake, na jioni vivyo hivyo. Mpwa wangu alinipima mikono yote miwili, wa kulia ukazidi kidogo, na kwa hiyo ndio ninaoutumia.

Baada ya siku saba tuliacha hesabu za siku ya kwanza, tukatafuta wastani wa zilizobaki: 132 kwa 82. Kwa vipimo vya nyumbani, presha huhesabiwa kuwa ya juu ikianzia 135 kwa 85, na daktari akaiacha dawa kama ilivyo.

Yule mzee wa mkono wa kulia alikuja juzi kupimwa. Alikaa dakika tano nzima bila kusema neno, jambo ambalo barazani hatujapata kuliona.